Kabla Hujasaini: Namna ya Kumsoma Kocha wa Kikapu wa Chuo cha Marekani

Karibu kila kijana anayeniandikia kutoka Dar, Nairobi au Kampala kuhusu kikapu cha vyuo vya Marekani ananiuliza jambo lilelile: "Dada, hiyo shule ni kubwa?" Wazazi nao wanataka kujua kama chuo kinaonekana kwenye televisheni. Mimi huwarudishia swali: kocha wa hapo anachezesha vipi, na ndani ya uchezaji huo kuna kazi gani unayoiweza kuliko waliopo? Asiyeweza kulijibu atakaa benchi popote aendapo, na baridi ya Januari huku haijali jina lililoandikwa kifuani.

Mimi nilikulia kwenye uwanja wa Don Bosco Upanga, nikaja kusoma Iowa, na sasa kazi yangu ni kukata video za mechi kwenye chuo kidogo cha Divisheni ya Pili, daraja la pili kati ya matatu ya michezo ya vyuo. Kwa hiyo nakaa chumba kimoja na makocha wakati wanaamua nani apigiwe simu na nani aachwe. Ninayokwambia hapa ni yale wanayoyaangalia wao, nikiyageuza upande wako ili nawe uwaangalie wao.

Anza na futi ya fundi cherehani

Kabla ya kumsoma kocha, jisome mwenyewe, na uanze na mwili. Azima futi ya fundi cherehani. Vua viatu, simama ukutani, mtu akupime urefu. Kisha nyoosha mikono pande zote mbili, apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha kushoto hadi cha kulia. Kisha inua mkono mmoja bila kuruka, apime mpaka ncha ya kidole. Andika vipimo vyote vitatu kwa sentimita na usiongeze hata moja. Siku ya kwanza ukifika chuoni unapimwa tena, na kocha akikuta umejiongezea sentimita 5 atajiuliza ni nini kingine ulichoongeza.

Sababu ya kusisitiza vipimo ni hii. Kijana wa mita 1.96 akiwa sekondari Tanzania au Kenya anapelekwa chini ya kikapu na kuambiwa abaki hapo. Anazoea kucheza kama senta mpaka anamaliza kidato cha sita. Divisheni ya Kwanza masenta wengi wana zaidi ya mita 2. Kwa hiyo huyo kijana wetu akifika huku ni mchezaji wa pembeni: atatakiwa amkabe mtu mwepesi mita 7 kutoka kwenye kikapu, adunde mpira akikimbia, na atupie kutoka kwenye mstari wa pointi tatu, ambao kwa wanaume umekuwa mita 6.75 tangu msimu wa 2019-20, sawa na ule wa kimataifa. Ukijua hilo ukiwa bado nyumbani una muda wa kujifunza. Ukilijua Oktoba ya mwaka wa kwanza, umechelewa.

Halafu andika sentensi moja inayosema unafanya nini siku ambayo mitupo haiingii. "Mimi nafunga" usiiandike, maana kila anayepigiwa simu huku alikuwa anafunga kwao. Andika kitu kama "napata ribaundi (mpira uliokosa kuingia) mbele ya watu warefu kuliko mimi" au "nikimkaba mtu hapiti kulia kwangu". Makocha wetu wakitazama video ya kijana mgeni, sentensi hiyo ndiyo wanayoitafuta, na wasipoipata ndani ya dakika chache wanafungua video ya mwingine.

Mtazame kocha, mpira utaenda wenyewe

Sasa chukua mechi nzima tatu za chuo kinachokutaka: moja waliyoshinda kwa mbali, moja waliyopigwa, na moja iliyoamuliwa dakika za mwisho. Vipande vifupi vya kwenye simu havitakusaidia, kwa sababu humo kila timu inacheza sawa: mpira unaingia, watu wanashangilia.

Wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, wanawake robo nne za dakika 10, na timu ina sekunde 30 za kutupia, tofauti na zile 24 ulizozoea kwenye sheria za kimataifa za FIBA. Hizo sekunde 6 za ziada ndizo zinazompa kocha nafasi ya kuonyesha tabia yake. Mmoja atazitumia zote akitafuta pasi ya mwisho iliyo bora, mwingine atataka mtupo ndani ya sekunde 10.

Kwenye mechi za wanaume zinazorushwa hewani, saa ikishuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 katika kila kipindi, mpira ukisimama tu kunakuwa na mapumziko ya matangazo. Weka daftari mbele yako na kila mapumziko andika nani wako uwanjani. Usihangaike na pointi. Baada ya mechi tatu utaona mpangilio: nani anaingia kwanza kutoka benchi, nani anatolewa hata akiwa na mkono wa moto, nani anaachiwa dakika tano za mwisho. Hao wa mwisho ndio kocha anaowaamini. Waangalie wanafanana nini. Wakati mwingine ni wafungaji. Mara nyingi zaidi ni wale wasiopoteza mpira.

Kuna tukio moja ninalomtafutia kila kocha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapokea mpira pembeni, saa ya kutupia bado ina sekunde 22, anainuka na kutupia pointi tatu. Haiingii. Hapo simamisha picha, rudisha nyuma, usimtazame kijana, tazama benchi. Kocha wa aina moja anapiga makofi na kuendelea. Wa aina nyingine amekwisha kugeuka anamtafuta wa kuingia, na kijana anatolewa kabla hajafika upande wa pili. Wote wawili wanaweza kuwa makocha wazuri na wenye vikombe. Lakini kama wewe ni mtu wa kuchangamka taratibu, unayehitaji kukosa mara mbili ndipo mkono utulie, huyo wa pili atakumaliza.

Angalia pia mtupo unapokosa kuingia. Wangapi wanakimbilia ribaundi na wangapi wanarudi nyuma kulinda? Wakipeleka mmoja tu, kocha anaogopa kushambuliwa ghafla. Wakienda watatu au wanne, umempata kocha anayependa vita chini ya kikapu, na kama ribaundi ndiyo sentensi yako, endelea kutazama.

Kila falsafa ina watu wake

Chukua timu ya Chuo Kikuu cha Virginia chini ya kocha Tony Bennett. Baba yake, Dick Bennett, ndiye aliyebuni ule ulinzi ambao mlinzi mmoja anambana mwenye mpira na wanne waliobaki wanarudi ndani ya duara la kufikirika, kama mita 5 kutoka kwenye kikapu, ili asiwepo wa kupenya. Mashambulizi yao yalikuwa ya polepole kuliko karibu timu zote nchini. Machi 2018 walikuwa wa kwanza katika historia ya wanaume waliopangwa namba 1 kwenye mashindano ya taifa kufungwa na waliopangwa namba 16, pale UMBC, chuo cha Maryland, walipowapiga 74-54. Watu wakasema mfumo umekufa. Mwaka uliofuata, kwa mfumo uleule, wakachukua ubingwa kwa kuifunga Texas Tech 85-77 katika muda wa nyongeza.

Mchezaji wa kumtazama hapo ni De'Andre Hunter. Msimu wake wa kwanza chuoni hakucheza mechi hata moja. Alikaa nje akijifunza ulinzi ule na kujenga mwili. Fainali ya 2019 alifunga pointi 27, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa nne kuingia NBA. Mtu mwenye haraka asingekaa pale. Kwa hiyo kocha akikwambia "mwaka wa kwanza utajifunza", muulize ni nani mwingine aliyejifunza hivyo na leo yuko wapi. Bennett alikuwa na jibu. Wengi hawana.

Syracuse ya Jim Boeheim ilikuwa kinyume kabisa. Miaka mingi alicheza ulinzi wa kanda, kila mmoja akilinda eneo badala ya mtu, wawili mbele na watatu nyuma, na alitafuta watu wa mikono mirefu kuliko kitu kingine. Fainali ya 2003 dhidi ya Kansas, wakiongoza kwa pointi tatu, Hakim Warrick alitoka karibu na kikapu mpaka kona na kuuziba mtupo wa Michael Lee ambao ungesawazisha. Ikaisha 81-78. Mtu wa mikono ya kawaida asingeufikia mpira ule. Ndiyo maana nilikutuma kwa fundi cherehani.

Tom Izzo wa Michigan State amewahi kuwavalisha wachezaji wake kofia na mabega ya kinga ya futiboli ya Kimarekani mazoezini ili wagombee ribaundi bila huruma. Kelvin Sampson wa Houston ni wa ukoo huohuo: mpira ulioanguka chini kwake ni mali ya mtu atakayeutupia mwili. Aprili 2025 Houston ilikuwa nyuma ya Duke kwa pointi 14 kipindi cha pili cha nusu fainali, ikashinda 70-67, kisha ikakosa ubingwa kwa pointi mbili tu mbele ya Florida. Kwa Sampson kijana laini mwenye mtupo mzuri anaweza kukauka. Nate Oats wa Alabama yeye anataka pointi tatu na mpira wa chini ya kikapu, kwa kasi, na ile mitupo ya katikati ambayo sisi tulifundishwa kuipenda haina soko kwake. Kama silaha yako ni kuruka na kutupia kutoka mita 4, mshukuru kwa simu na uendelee na safari.

Watu wetu watatu

Hasheem Thabeet nawaelezea vijana wa Dar kila mara, kwa sababu wengi wanajua tu mwisho wa hadithi, kwamba NBA hakung'ara, na kucheka. Alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, akapita Makongo, akaenda kusoma sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kwa kocha Jim Calhoun. Calhoun alikuwa tayari amefanya kazi na mzibaji mitupo hodari, Emeka Okafor, na alijua namna ya kulinda ukiwa na mtu wa aina hiyo: walinzi wa mbele wanabana kwa ujasiri, wakipitwa si shida, kwa sababu nyuma yupo mtu wa mita 2.21. Thabeet hakuombwa kudunda mpira wala kufunga pointi 25. Aliombwa kulinda mlango. Mwaka wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoiziba kwa mechi, akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East na DeJuan Blair, UConn ikafika nne bora za taifa, na timu ya NBA ya Memphis ikamchagua wa pili mwaka 2009. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufaana na kocha kiasi kile.

NBA kuna sheria ya mlinzi kutokaa sekunde tatu ndani ya eneo la chini ya kikapu bila kuwa na mtu wa kumkaba. Vyuoni haipo. Sheria hiyo peke yake haielezi kila kilichotokea Memphis, ila inakuonyesha kwamba thamani ya mchezaji inategemea mahali aliposimamishwa.

Wa pili ni Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, na huyu ni somo zuri kuliko wote kwa sababu tuna mtu mmoja na makocha wawili. West Virginia kwa Bob Huggins alipangwa pamoja na mtu mwingine mkubwa, Derek Culver, wote wawili wakigombea eneo lilelile la chini. Msimu wa pili wastani wake ulishuka hadi pointi 8.5 na ribaundi 7.8, na Januari 2021 akaondoka. John Calipari akampokea Kentucky, akamweka peke yake katikati na kumzungushia watupiaji. Msimu wa 2021-22 alimaliza na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akawa mchezaji bora wa taifa zima. Miguu ni ileile, mikono ileile. Na usimlaumu Huggins: Tshiebwe alipoondoka, West Virginia walianza kuchezesha walinzi wanne na mkubwa mmoja, wakatupia vizuri zaidi. Kuachana kuliwafaa wote.

Madina Okot wa Kenya alitoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina kwa Dawn Staley. Tazama orodha ya wanawake warefu waliopita mikononi mwa Staley: A'ja Wilson, Aliyah Boston, Kamilla Cardoso. Binti mrefu akipigiwa simu na kocha mwenye orodha ya namna hiyo hahitaji hotuba. Akipigiwa na kocha ambaye hajawahi kumchezesha mtu mrefu zaidi ya dakika 12, ahadi zote ni hewa mpaka aonyeshe kwamba amebadilika.

Niongeze Khaman Maluach, aliyekulia Uganda, kwa sababu vijana wa Kampala watanikasirikia nikimruka. Chuoni Duke hakwenda kuwa nyota wa pointi. Cooper Flagg alikuwepo kwa hilo. Alikimbia kuelekea kikapu, akapokea mipira ya juu, akalinda nyuma, kazi nyembamba iliyofanywa vizuri kwa msimu mmoja. Juni 2025 alichaguliwa wa 10 kuingia NBA.

Hesabu ya dakika 200

Mechi ina dakika 40 na wachezaji watano, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa. Watano wa kwanza wakichukua 30 kila mmoja, zimekwenda 150. Zinabaki 50 kwa wengine wote, na kikosi kinaweza kuwa na watu 15. Kocha wa watu saba au wanane hana dakika za kukupa hata akikupenda kama mwanawe.

Fungua takwimu za msimu uliopita kwenye tovuti ya chuo. Futa majina ya wanaomaliza. Waliobaki wanaofanya kazi yako, jumlisha dakika zao. Halafu angalia waliosajiliwa. Hapa ndipo mambo yamebadilika mno. Mfumo wa uhamisho ulifunguliwa Oktoba 2018, na tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo iwapo masomo yake yako sawa. Kocha anayeweza kumpata mtu wa miaka 22 aliyekwisha kucheza misimu mitatu ana sababu gani ya kumsubiri wa miaka 18 kutoka Mwanza? Kwenye mikutano yetu swali hilo linaulizwa waziwazi. Kwa hiyo muulize kocha: misimu miwili iliyopita mlichukua wangapi moja kwa moja kutoka sekondari, na wangapi kati yao wangali hapo? Akianza kuzunguka, andika namba mwenyewe kutoka kwenye orodha za vikosi. Zipo wazi.

Ndiyo maana huwashauri wengi wasidharau chuo cha miaka miwili au Divisheni ya Pili. Wazazi hawapendi kusikia hivyo. Lakini misimu miwili ya dakika 28 kwa mechi inakupa video ambayo kocha mkubwa ataiamini, na benchi la chuo maarufu halikupi video yoyote.

Simu ya kocha

Anayekupigia mara nyingi ni kocha msaidizi. Kazi yake ni kukupenda kwa sauti. Mheshimu, jibu haraka, lakini usihesabu kama umekubaliwa mpaka umeongea na kocha mkuu mwenyewe, kwa video, na si dakika mbili za salamu.

Ukimpata, mwombe akuonyeshe vipande viwili au vitatu vya mechi zao akikwambia "wewe utakuwa huyu". Kocha aliyekufikiria kweli anavyo tayari. Sisi tunavikata usiku uliotangulia, na najua kwa sababu nimekesha navyo. Asiye navyo ananunua urefu tu. Muulize ukikosa mitupo mitatu mfululizo atafanya nini. Muulize ni kitu gani ulicho nacho ambacho kikosi chake hakina, kisha nyamaza umwache ajaze ukimya. Muulize pia akupe namba ya mchezaji aliyehama. Wengi watakupa ya nahodha, ambaye bila shaka atasifia. Aliyeondoka ndiye mwenye habari.

Wazazi, msikae pembeni mkidhani haya ni ya vijana. Mama mmoja wa Mwanza, binti yake akiwa kwenye simu na chuo fulani, aliomba kusema neno moja. Akauliza: "Mwanangu akiumia goti mwezi wa kwanza, mnamrudisha kwangu au anaendelea kusoma?" Kocha alianza sentensi tatu bila kumaliza hata moja. Binti akaenda kwingine.

Kuna jambo moja la malezi yetu linalowaponza vijana wazuri. Nyumbani, mkubwa akisema na wewe unainamisha macho, na mkubwa hupigiwi kelele. Huku kocha akikufokea na wewe ukatazama sakafu anadhani humsikilizi, wakati kwako hiyo ndiyo heshima. Na kwenye ulinzi, mtu wa nyuma lazima apige kelele: "Skrini kushoto! Niko nyuma yako! Badilisha!" (Skrini ni mshambuliaji anayesimama kumziba mlinzi njia.) Anawapigia waliomzidi umri miaka minne. Nimewaona vijana wenye miguu mizuri wakiondolewa kwenye mpango kwa sababu wako kimya. Anza mazoezi hayo sasa, kwenye kiwanja cha Kidongo Chekundu au popote ulipo, na wenzako wakikucheka endelea. Baadhi ya makocha wanadai hili kuliko wengine. Wale wanaobadilishana watu kila skrini inapowekwa hawawezi kabisa kuishi na bubu. Sikiliza sauti ya uwanjani kwenye zile mechi tatu, utajua.

Karatasi

Kwa ufupi, kwa sababu haya yana maofisa wake. Divisheni ya Kwanza inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa angalau 2.3 kwa vipimo vya Marekani, ambavyo kilele chake ni 4.0. Tangu 2023 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, haikudai mitihani ya SAT wala ACT ili uruhusiwe kucheza, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka. Kusanya ripoti zako zote za sekondari sasa hivi, kabla mwalimu mkuu hajahamishwa na kabati halijafungwa.

Soma ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, na unalipia nini: ada, chumba, chakula, bima. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, kwa hiyo kocha wa huko akikuahidi huo, shtuka.

Kuhusu fedha za jina na sura, wachezaji wanaruhusiwa kulipwa na wafadhili tangu Julai 2021, na tangu 2025 vyuo navyo vinaweza kuwagawia mapato. Ila wewe utaingia kwa viza ya F-1, na viza hiyo inabana sana kufanya kazi ndani ya Marekani. Tshiebwe, akiwa mchezaji bora wa taifa, alifanya kazi zake za matangazo Bahamas timu iliposafiri huko Agosti 2022, nje ya mipaka. Kocha akikutajia kitita, mwambie akuunganishe na wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote.

Kocha akiondoka

Utafanya yote hayo, utampata kocha wako, na anaweza kuondoka kabla hujafungua begi. Calipari aliiacha Kentucky baada ya miaka 15 na kwenda Arkansas, Aprili 2024. Tony Bennett alistaafu Oktoba mwaka huohuo, msimu ukiwa umebakiza wiki chache kuanza, wachezaji wakiwa wamekwisha kufika. Boeheim alipoondoka Syracuse 2023, mrithi wake Adrian Autry akahamia zaidi kwenye ulinzi wa mtu kwa mtu, na watu waliosajiliwa kwa ajili ya kanda ikabidi wajifunze upya.

Dawa yake si kamili lakini ipo. Angalia mkataba wa kocha una miaka mingapi iliyobaki, hasa kwenye vyuo vya serikali ambako mara nyingi unaandikwa magazetini. Angalia kama ameshinda sana karibuni, maana kocha wa chuo kidogo aliyeshinda mechi 28 anatafutwa na vyuo vikubwa wakati wewe unapakia nguo. Na katika ile sentensi yako ya mwanzo, hakikisha kuna angalau nusu yake ambayo kocha yeyote angeilipia: kumkaba mtu bila faulo, kupata ribaundi, kutupia ukiwa huru. Sijawahi kukaa kwenye mkutano ambapo kocha mpya alisema hana haja na hivyo.

Mwisho, video. Tuma mechi nzima, mbili, na moja iwe mliyofungwa. Andika rangi ya jezi na namba yako kwenye ujumbe, maana nimewahi kutazama dakika 20 za mtu asiye mhusika. Usiweke muziki. Piga video kutoka juu kidogo, ngazi ya tatu au ya nne ya jukwaa, ili watu wote kumi waonekane, kwa sababu tunataka kuona unafanya nini mpira ukiwa mbali na wewe. Na mwombe anayeshika simu asikufuate wewe tu, hata kama ni mama yako.